Chumvi Ndani ya Utando

Samaki akishapasuliwa mgongoni na kufunguliwa kama kitabu, mama huyu hamwoshi mara ya pili. Anachota chumvi kwa kiganja, anaisugua kwanza kandokando ya uti wa mgongo, pale nyama ilipo nene, ndipo anainyunyiza penginepo, kisha anamlaza samaki ndani ya beseni juu ya mwenzake. Baada ya muda mfupi vitone vya maji vinaanza kujitokeza juu ya nyama, kama jasho. Hakuna aliyemwaga maji humo. Yametoka ndani ya samaki mwenyewe.

Hapa ni ukingoni mwa Tshangalele, ziwa lililo mashariki ya Likasi, katika Katanga ya Kongo. Mizani hana. Nilipomuuliza anajuaje kiasi, alibonyeza nyama kwa kidole gumba, akatazama shimo dogo lililobaki, akanijibu: “Kama unatia kidogo, iko inakuwa maji-maji. Kama unatia mingi, inakauka sawa kuni.”

Jibu hilo limenikaa kichwani tangu siku ile, kwa sababu ndilo jibu la wanakemia pia. Wao huulizia tando nyembamba za plastiki, za wanga, za mwani, na ule utando uliomo ndani ya betri. Ukitia chumvi humo, utando utalegea au utakaza? Majibu yote mawili ni ya kweli. Inategemea ni chumvi gani, kiasi gani, na imeingia kati ya nini na nini.

Nyama ya samaki imejaa protini, na protini ni minyororo mirefu ya molekuli, mirefu mno ukilinganisha na unene wake. Kitu chochote kilichoundwa kwa minyororo ya aina hiyo, viungo vidogo vikifuatana kwa mamia au maelfu, huitwa polima. Wanga wa muhogo ni polima, plastiki ya sashe, yaani mfuko mwepesi, ni polima, pamba ya kitenge ni polima. Chumvi ya mezani ikiyeyuka hugawanyika kuwa chembe za sodiamu zenye chaji chanya na chembe za kloridi zenye chaji hasi. Chembe hizo huitwa ioni. Chumvi ikiwa ya wastani, hadi kama gramu 50 au 60 kwa lita moja ya maji, kloridi hujishikiza kwenye minyororo ya protini, minyororo inabeba chaji ya aina moja, inasukumana, na maji yanaingia katika nafasi zilizofunguka. Nyama inavimba na kulainika. Ndiyo “maji-maji” ya yule mama. Ukipita hapo na kukaribia kiwango ambacho maji hayawezi tena kuyeyusha chumvi, yaani kama gramu 360 kwa lita, mambo yanageuka: chumvi inainyang'anya minyororo maji yake, minyororo inasogeleana na kubanana, nyama inakuwa kuni.

Mwaka 1888, mjini Prague, Franz Hofmeister alijaribu chumvi mbalimbali juu ya protini ya ute wa yai, akazipanga kwa uwezo wake wa kuifanya igande na kuzama chini. Mpangilio huo hutumika hadi leo, na una jina lake. Alichoonyesha ni kwamba chumvi hazifanani. Kipimo kilekile cha chumvi mbili tofauti huleta matokeo mawili tofauti. Wavuvi waliotumia chumvi yenye uchafu wa magnesiamu wanalijua hilo kwa ulimi.

Sisi wa Katanga tuna sababu yetu ya kulipenda neno hili, chumvi. Katika bonde hilihili la Lufira, huko Mwashya, watu walitengeneza chumvi kwa vizazi vingi, na chumvi ilikuwa miongoni mwa bidhaa za ufalme wa Msiri kule Bunkeya, pamoja na shaba na pembe za ndovu. Msiri mwenyewe alitoka Unyamwezi. Njia zilizobeba bidhaa za ufalme wake kuelekea mashariki ni miongoni mwa zilizotuletea Kiswahili.

Lakini kwa mwanakemia chumvi ni jamaa kubwa kuliko ile ya kwenye chungu. Kila ioni chanya iliyooana na ioni hasi ni chumvi. Malakiti, lile jiwe la kijani ambalo watoto wa Likasi wanaliokota njiani, ni chumvi ya shaba. Jiwe la chokaa la Kakontwe ni chumvi ya kalisiamu. Na maji ya buluu ya shaba iliyoyeyushwa kwa asidi, ambayo mitambo ya Shituru imekuwa ikipitisha umeme ndani yake tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 ili shaba safi ijishikize kwenye bamba, ni chumvi iliyoyeyuka. Ziwa lenyewe ni mtoto wa kazi hiyo: lilizaliwa Lufira ilipozibwa kwa bwawa Mwadingusha, na mtambo wa umeme uliofunguliwa hapo mwaka 1930 ulijengwa kwa ajili ya viwanda vya shaba vya kampuni ya Union Minière. Mashamba na mbuga zikageuka maji, na watu wakageuka wavuvi.

Sasa chukua sashe ile nyeupe, isiyopitisha mwangaza, ambayo hupasuka kabla hujafika nyumbani. Mara nyingi uweupe wake ni kalisiamu kaboneti iliyosagwa ikawa vumbi, jamaa ya jiwe la Kakontwe. Chumvi hii haiyeyuki ndani ya plastiki. Inakaa kama mchanga ndani ya udongo wa tofali. Inapunguza gharama, inaufanya utando uwe mgumu kukunjika, lakini ikizidi, utando hauvutiki tena, na mpasuko ukianza unakimbia kutoka punje hadi punje. Kiwanda kinachojua kazi yake hukigeuza kilema hicho kuwa faida. Hutia vumbi jingi la chokaa, kisha huvuta utando kwa makusudi mpaka plastiki inaachana kidogo na kila punje. Matundu madogo mno hubaki, mvuke unapita, maji hayapiti. Ndivyo ulivyo utando wa nje wa nepi nyingi za watoto zinazouzwa sokoni. Mtoto hakai ndani ya joto la plastiki iliyozibwa, kwa sababu mtu fulani alikubali chumvi iuharibu utando kwa kiasi alichokipima.

Serikali yetu ilitoa amri tarehe 30 Desemba 2017 ya kupiga marufuku sashe na tando za plastiki. Kenya ilikuwa imefanya hivyo Agosti mwaka huohuo, Tanzania ikafuata Juni 2019. Ukitembea leo kando ya maji utaona kwamba sashe hazijatoka. Zimenaswa kwenye mafunjo na kwenye nyavu. Simlaumu mama anayefungia samaki wake ndani ya sashe. Anahitaji kitu chepesi, kisichovuja, cha bei ndogo. Mpaka tumpe kingine, amri itabaki karatasi. Na kila nikiwaza kingine hicho ni nini, macho yangu yanarudi kwenye muhogo.

Nilijaribu nyumbani. Nilikuna muhogo mbichi, nikaukamua ndani ya kitambaa, nikaacha maji meupe yatulie mpaka wanga ukajikusanya chini ya bakuli kama saruji laini. Nikaukausha. Vijiko viwili vya chai vya wanga huo, kikombe kidogo cha maji, gliserini nusu kijiko kutoka duka la dawa, moto mdogo, na kukoroga bila kuacha. Mwanzoni ni maziwa tu. Kisha, kwa ghafla inayofurahisha kila mara, mwiko unakuwa mzito na maziwa yanageuka kuwa kitu kiangavu kama gundi. Punje za wanga zimepasuka na minyororo imetoka nje. Kila mpishi wa bukari, ugali wetu, anaijua dakika hiyo kwa mkono wake.

Nilimimina katika sahani tatu bapa. Ya kwanza haikuwa na chumvi. Ya pili niliitilia chembe chache, kiasi cha kushika kwa ncha za vidole viwili. Ya tatu nusu kijiko kizima. Nikaziweka dirishani. Ilikuwa Julai, kiangazi, hewa kavu.

Siku ya pili, utando wa kwanza ulibanduka wote kwa mara moja, mwangavu, ukitoa sauti ya karatasi ngumu. Nilipoukunja ulivumilia mara mbili, mara ya tatu ukakatika kwenye mkunjo. Wa pili ulikuwa mlaini zaidi na ulivutika kidogo kabla ya kuchanika, ila ulihitaji nguvu ndogo kuliko wa kwanza. Wa tatu ulikuwa umeota maua. Sina neno jingine: kwenye uso wake kulikuwa na vifuwele vyeupe vya mraba, vingine vimejipanga kama vigae, na palipo na kifuwele utando ulikuwa umetoboka au umekwaruzika. Niliushika pembeni ukakatika kama chapati iliyolala.

Minyororo ya wanga hushikana yenyewe kwa yenyewe kwa vishikizo vidogo, kila kimoja dhaifu, lakini vikiwa vingi huleta nguvu. Ioni za chumvi zinaingia katikati, zinashika vile vishikizo, na zinakuja na maji yao, kwa kuwa ioni haipendi kutembea bila maji. Mnyororo uliokuwa umeshikamana na jirani sasa unateleza. Ulaini unaongezeka, nguvu inapungua. Chumvi ikizidi ile inayoweza kukaa kati ya minyororo, inatoka na kujijengea nyumba yake, yaani fuwele, na kila fuwele ni mwanzo wa ufa.

Kama hadithi ingeishia hapo, tungesema chumvi ni adui wa utando. Twende Unguja kidogo. Tangu mwaka 1989 kilimo cha mwani cha biashara kimekuwa kazi ya wanawake wa Paje, Jambiani na vijiji vingine vya pwani ya mashariki. Wanalima aina mbili, spinosamu na kotonii, na wanunuzi hulipa kotonii zaidi. Tofauti imo katika polima inayopatikana ndani yake, ambayo huitwa karajini. Minyororo ya karajini ina chaji hasi, kwa hiyo peke yake inasukumana. Ile ya kotonii ikipoa hujisokota miwili miwili kama kamba. Ipe chumvi ya sodiamu, kamba zinakaa legelege. Ipe chumvi ya potasiamu, ndugu wa karibu kabisa wa sodiamu, na kamba zinasogeleana, zinabanana, unapata jeli ngumu inayokatika kwa kisu, na ukiikausha, utando wenye nguvu. Karajini ya spinosamu haiitikii potasiamu namna hiyo. Yenyewe huitikia kalisiamu, na jeli yake ni laini, yenye kunesa. Mama wa Paje anayeona kotonii yake inakufa kwa joto la bahari anapoteza uwezo huo wa kushikana na potasiamu, ambao viwanda vya maziwa huulipia.

Mwani wa kahawia wa bahari za baridi una polima nyingine, alginati, na hapa ndipo madini yetu yanapoingia. Mwaka 1973 watafiti wa Uingereza waliieleza kwa mfano wa trei ya mayai: minyororo miwili imepindapinda ikaacha vishimo, na ioni za kalisiamu hukaa ndani ya vishimo hivyo kama mayai, zikiifunga minyororo pamoja. Utando wa alginati unaoyeyuka kwenye maji leo, ukichovywa kesho katika chumvi ya kalisiamu, hauyeyuki tena. Kalisiamu ina chaji mbili, ina mikono miwili, inaweza kushika huku na kule. Sodiamu ina mkono mmoja tu. Waliopima ioni moja baada ya nyingine waliona kwamba shaba huishika alginati kwa nguvu zaidi kuliko kalisiamu, na kobalti huishika kwa udhaifu zaidi kuliko kalisiamu. Shaba na kobalti, mapacha wanaochimbwa katika shimo moja hapa kwetu, mbele ya polima ya mwani kila mmoja ana tabia yake.

Hili kwangu si jambo la maabara tu. Mto Panda hupita Likasi, huchukua yanayotoka viwandani na migodini, huyapeleka Lufira, na Lufira huyamwaga Tshangalele. Watafiti wamekuta shaba na kobalti katika tope la ziwa na katika samaki wake. Madini hayo husafiri majini yakiwa chumvi. Polima inayoweza kushika shaba na kuiacha kobalti ipite, au kuzishika zote mbili, ni chujio. Watu wanaofanya kazi hiyo duniani wapo, kwa alginati, kwa maganda ya kamba wa baharini, hata kwa wanga uliobadilishwa. Natamani kwa moyo wote kuona tanki moja la majaribio mahali Panda inapotoka mjini, kwa sababu wanaokula samaki wa ziwa hili ni sisi, watoto wetu wakiwemo.

Kobalti inayobaki, ile inayosafirishwa, huenda kwenye betri. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo. Mwaka 1980, huko Oxford, John Goodenough na wenzake walionyesha kwamba oksidi ya lithiamu na kobalti inaweza kuwa upande chanya wa betri. Mwaka 1991 Sony ikaanza kuziuza betri hizo. Mwaka 2019 Goodenough akapewa Nobel pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino. Ndani ya betri ya simu, kati ya upande chanya na upande hasi, kuna utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele, wenye matundu, uliolowa kimiminika chenye chumvi ya lithiamu. Utando ukitoboka, pande mbili zinagusana, na kimiminika kile kinawaka. Simu zilizolipuka mifukoni mwa watu zimetufundisha hilo.

Ndiyo maana watu waliota utando mkavu, usio na kimiminika, ambao lithiamu ingepita ndani ya plastiki yenyewe. Mwaka 1973, uleule wa mfano wa trei ya mayai, Peter Wright na wenzake huko Sheffield walichanganya chumvi na polima iitwayo poliethilini oksidi, na ikaonekana kwamba mchanganyiko huo, ingawa ni mgumu na mkavu, hupitisha umeme kwa njia ya ioni. Mwaka 1978 Mfaransa Michel Armand akapendekeza utumike kutengenezea betri. Mnyororo wa polima hii una oksijeni kila baada ya hatua chache, na lithiamu huzipenda oksijeni hizo. Mnyororo unapotikisika, lithiamu inaachia oksijeni ya nyuma na kushika ya mbele, kama mtu anayevuka mto kwa kushika matawi.

Shida ni kwamba chini ya nyuzi joto 65 hivi, minyororo hiyo hupenda kujipanga kwa utaratibu, ikawa fuwele, na katika fuwele hakuna kinachotikisika. Hapo chumvi inakuwa msaada. Ukichagua chumvi ya lithiamu ambayo mwenza wake hasi ni mkubwa, mwenye umbo la ovyo, anajipenyeza kati ya minyororo na kuizuia isijipange. Utando unalegea, lithiamu inapita. Furaha ikikuzidi ukaongeza chumvi, mambo yanageuka kama kwenye beseni la samaki: kila lithiamu inakumbatia oksijeni kadhaa, nyingine za mnyororo huu na nyingine za ule, na inakuwa fundo. Mafundo yakiwa mengi minyororo inakazana, na ioni zenyewe zinaanza kushikana mbili mbili na kugoma kutembea. Kwa kawaida mafundi husimama karibu na lithiamu moja kwa oksijeni kumi hadi ishirini.

Na bado wana mgogoro mkononi. Utando uliolegea vya kutosha kupitisha lithiamu huwa dhaifu, na lithiamu ikijijenga vibaya wakati wa kuchaji huota sindano zinazoweza kuutoboa. Magari ya kukodi ya Autolib' yaliyozunguka Paris kuanzia 2011 hadi 2018 yalitumia betri za utando kama huu, na ilibidi betri ziwe na joto kali ndipo zifanye kazi. Betri zile hazikuwa na kobalti. Upande wake chanya ulikuwa wa chuma na fosfeti. Nalisema hili kwa wenzangu wa Likasi bila kulificha, kwa kuwa mtu akijenga maisha yake juu ya madini mamoja anastahili kujua kwamba mahali fulani kuna maabara inayotafuta namna ya kuishi bila madini hayo, na kwamba chumvi na utando ni sehemu ya utafutaji huo.

Zile sahani tatu sikuzitupa. Tando zilizobaki nilizibandika kwa gundi kwenye kioo cha dirisha, kila moja na alama yake, nikaziacha. Chumvi ya mezani ina mpaka wake: unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 75, inaanza kujivutia maji kutoka hewani mpaka ijiyeyushe. Kiangazi chetu huwa chini ya mpaka huo karibu mchana wote. Mvua zikianza, Novemba, tunauvuka kila usiku. Utando usio na chumvi ulilainika kidogo, ukabaki mzima. Ule wenye chumvi chache ulinata kwenye kidole changu na kuacha alama yake. Wa tatu, asubuhi moja baada ya mvua ya usiku kucha, haukuwepo tena. Maua yote yalikuwa yameyeyuka, na juu ya ubao wa dirisha kulikuwa na kidimbwi kidogo, kizito kama uji uliopoa. Nilichovya kidole nikaonja. Kilikuwa na chumvi kali.

Siku hiyohiyo nilikwenda ziwani. Yule mama alikuwa ameingiza vichanja vyake ndani ya kibanda, na moto wa kuni ulikuwa ukiwaka chini yake. Nikamwambia yaliyopata sahani yangu ya tatu. Aliniangalia kwa huruma, akasema: “Mvua ikianza, chumvi peke yake haitoshi. Lazima moshi.” Kisha akanisogezea kigoda karibu na moto.